Nilikuwa Butimba

Butimba ina vitu viwili ambavyo nchi nzima inavijua: chuo cha ualimu na gereza. Ukiwa Mwanza hapa ukamwambia mtu "nilikuwa Butimba miaka miwili", anakuchagulia mwenyewe ulikuwa upande gani, kwa kuangalia shati lako na jinsi unavyoongea. Mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa shati jeupe la mikono mirefu, la kuazima.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, ndani ya yadi yake ya malori huko Nyakato. Leseni yangu anaigeuzageuza mkononi. Daraja E, sawa. Cheti cha VETA, sawa. Barua za kazi za zamani, sawa. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, kidole kimoja kimoja, kama anayehesabu magunia.

"Hapa katikati pana miaka miwili haina kitu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Butimba, mzee."

"Ooh! Ualimu ukakushinda?"

Akacheka. Na mimi nikacheka. Uongo wangu wote ulikuwa ndani ya kicheko hicho. Mdomo ulikuwa umesema kweli tupu, na kwa miezi saba niliishi nikijifariji kwa hilo: sikudanganya, yeye ndiye aliyekosea kusikia.

Niseme sasa nilifuata nini Butimba, maana nimechoka na lile neno tunalolitumia sote tuliopita kule. "Nilipata matatizo kidogo." Kufiwa ni matatizo. Mimi niliiba.

Nilikuwa dereva wa semi, Mwanza kwenda Dar, pamba na mashudu kwenda, saruji na chochote kinachopatikana kurudi. Ni safari inayozidi kilomita 1,100 kwa upande mmoja. Gari lililopakia unalihesabia kilomita mbili kwa lita, hivyo bosi anakukatia mafuta kwa hesabu hiyo na anajua ukifika unapaswa kubaki na kiasi gani. Kazi ya dereva mwizi ni kuishi ndani ya hesabu hiyo kama panya kwenye ghala. Wengine wanaelewana na kijana wa pampu, anajaza lita 300 na kuandika risiti ya 340. Wengine wanapiga frii: unafika kichwani pa mteremko wa Sekenke, tani zote hizo mgongoni, unatoa gia na kuliachia gari lishuke lenyewe ili lisile mafuta. Nimefanya hivyo usiku, breki zinanuka, utingo anasali kwa sauti, kwa ajili ya lita ambazo hata hazikujaza dumu moja. Na wengine hawajisumbui, wanatumbukiza mpira kwenye tangi na kunyonya.

Mimi nilikamatwa na mpira. Madumu kumi ya lita ishirini, pembeni ya barabara, saa nane usiku. Shtaka likawa wizi wa mtumishi, kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kinaweza kumpeleka mtu hadi miaka 10. Nilikiri, nikapewa mitatu. Theluthi ikaondoka kwa mwenendo mzuri, kama ilivyo kwa wafungwa wengi, nikatumikia miwili. Ndiyo miaka ile aliyoihesabu mzee kwa vidole.

Zamani nikisimulia haya nilikuwa naongeza kwamba posho ilikuwa ndogo na kwamba barabarani kila mtu anafanya. Posho ilikuwa ndogo kweli. Ila fedha nyingi ya mafuta yale niliinywa.

Basi, mzee akanipa kazi. Lakini kabla ya funguo kuna mdhamini, na hapa ndipo watu wa ofisini wasioijua kazi yetu hupotea. Wanafikiri mtu aliyefungwa anahofia cheti cha polisi, kile cha tabia njema kinachotoka baada ya kuchapwa alama za vidole. Makampuni makubwa yanakidai, ni kweli, na ukipeleka maombi ya kazi nje ya nchi utakitafuta. Lakini mwenye malori manne pale Nyakato hana habari na alama za vidole. Anakukabidhi gari lenye thamani kuliko nyumba anayolala, na mzigo wa mtu mwingine juu yake, halafu unatokomea. Kesho yake uko Singida, wiki ijayo unaweza kuwa Rusumo. Anachotaka ni mtu wa kumshika ukipotea. Mtu mwenye nyumba, mwenye jina mtaani, mwenye barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na picha mbili, anayeandika kwa mkono wake: huyu namfahamu, likitokea lolote niulizwe mimi.

Wangu alikuwa mjomba, kaka yake mama, anakaa Nyegezi. Mzee mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, ana kiwanja na nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga tofali kwa tofali. Alikuwa amekuja kuniona gerezani kila alipopata nauli. Aliposaini hakuniuliza kama nimemweleza bosi. Kwake swali hilo halikuwepo. Mtu mzima akienda kuomba gari la mtu, ameshasema.

Nilifanya kazi vizuri. Siandiki hili nihurumiwe, ndivyo ilivyokuwa. Kila nikirudi yadi mzee anapima tangi kwa kijiti, na kijiti hakikuwahi kunigomea.

Ukweli ulitokea mezani, kwenye chai. Mke wa mzee ni mwalimu. Siku moja nimepeleka risiti nyumbani kwao, akanikaribisha kiti, akanimiminia chai ya maziwa, akasema kwa furaha kabisa: "Nasikia wewe ni wa Butimba mwenzangu! Ulichukua masomo gani?"

Nikasema Hisabati. Sijui kwa nini Hisabati.

Akataja mkufunzi. Nikatikisa kichwa kama namkumbuka. Akataja bweni. Akauliza tulikuwa tukienda wapi kufundisha kwa mazoezi. Kila swali lilikuwa la upendo, na kila jibu langu lilikuwa linamvua tabasamu kidogo kidogo. Nilipomaliza kikombe alikuwa ameshanyamaza. Hakunishtaki kwa neno. Alinisindikiza hadi getini, kama mgeni.

Siku ya nne nikiwa Nzega na mzigo, mzee akapiga simu. Lisogeze stendi, akasema, usiende popote. Asubuhi iliyofuata likashuka basi la Mwanza na dereva mwingine ndani yake, kijana niliyemjua, mfukoni ana barua. Tulikabidhiana kama askari wanaobadilishana lindo. Tairi tukahesabu, spea ipo, jeki ipo, turubai. Tukapima tangi. Mafuta yalikuwa sawa na daftari, bila kupungua. Yule kijana alikiangalia kijiti, akaniangalia mimi, akakifuta kwa kitambaa. Utingo wangu alijifanya anakaza kamba ya turubai iliyokuwa imekazwa tayari.

Nikarudi Mwanza nimekaa kiti cha dirishani, abiria.

Nilidhani lililobaki ni langu peke yangu. Kumbe mzee hakuwa amenipigia mimi kwanza. Alimpigia mjomba. Na mjomba, miaka sitini na kitu, alipanda daladala kutoka Nyegezi mpaka Nyakato, akasimama chini ya ule mwembe, akaulizwa mbele ya mafundi na mautingo: wewe ulijua kwamba huyu ni mfungwa wa wizi wa mafuta, ukaniandikia barua kwamba ni mtu mwema? Mjomba hakuwa na jibu, kwa sababu majibu yote mawili yalikuwa mabaya. Akisema alijua, ni tapeli. Akisema hakujua, ni mwongo. Hiyo sikuisimuliwa na yeye. Niliisikia kwa fundi wa matairi, baada ya muda mrefu. Mjomba mwenyewe nilipofika kwake alinipokea begi, akaniuliza kama nimekula.

Karibu mwaka mzima hakulitaja. Ningependelea anitukane.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la "niseme au nisiseme" nilikuwa naliuliza vibaya. Nilikuwa nalipima kwa hasara yangu: nikisema nakosa kazi, nikinyamaza napata. Kumbe siri ya namna ile ukienda nayo kwa mwajiri, anayeibeba ni aliyesaini. Wewe uko barabarani umefungua dirisha unapigwa na upepo. Yeye yuko nyumbani na karatasi yenye jina lake kwenye kabati la mtu.

Baada ya hapo nikawa msema kweli, na ukweli ukanilaza njaa.

Kampuni moja ilikuwa na fomu yenye swali: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote? Eleza. Nafasi waliyoacha ya kueleza ilikuwa sawa na kidole gumba. Niliandika mpaka pembezoni mwa karatasi. Nilipoirudisha, dada wa mapokezi aliisoma palepale nikiwa nimesimama, akaipindua uso chini. "Tutakupigia, kaka." Jamaa mwingine mwenye matenka alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru kwa dhati, akanishika bega, akasema kwa mtu mkweli kama mimi angeshauri nifungue biashara.

Nikaamua kuitafuta sheria, nione kama ina neno. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 22, inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Nikafurahi. Nikaenda kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi kazini. Pale pana orodha ndefu: rangi, kabila, dini, jinsi, ujauzito, ulemavu, VVU, umri, hata hadhi ya mtu katika maisha. Niliipitisha kidole mara mbili. Aliyefungwa hayumo. Mwajiri akikwambia mchana kweupe kwamba hakuchukui kwa sababu uliwahi kufungwa, orodha ile haikutaji.

Ndugu yangu mmoja anaendesha malori Marekani, nikamweleza, nikidhani kule mambo ni mepesi. Akaniambia kule dereva wa gari kubwa anayeomba kazi anaandika waajiri wake wote wa miaka mitatu iliyopita, na kwa miaka saba kabla ya hapo wale aliowaendeshea magari makubwa, na pengo lolote ataulizwa. Ukikutwa ulilitumia lori kusafirishia dawa za kulevya kwa biashara, leseni ya malori unaipoteza maisha. Lakini kuna majimbo ambayo yamekataza mwajiri kuweka swali la hatia kwenye fomu ya kwanza. Hawaii ilitangulia, mwaka 1998. Wakuone kwanza, wakupime, ndipo wakuulize. Nilipenda hilo la kuonwa kwanza. Nikamuuliza mdhamini je? Akacheka, akasema kule mdhamini wako ni kompyuta.

Kuna jambo moja linanichoma hadi leo, na nitalisema hata kama watu wa malori wenzangu watanuna. Mimi sikuwa mfungwa pekee niliyekuwa natafuta usukani Mwanza. Kulikuwa na mwenzangu tuliyekuwa naye kule, yeye alifungwa kwa kuendesha gari kwa hatari na kusababisha vifo. Alikuwa amelewa. Alipotoka alikaa wiki sita tu, akapata gari. Hakuficha, alisema yote, na wenye magari wakamwitikia kwa huruma: ajali ni bahati mbaya, kijana, inaweza kumpata yeyote. Simwonei wivu, na najua anavyoamka usiku. Lakini nimewaza sana. Aliyeua watu barabarani amepata bahati mbaya, aliyenyonya dizeli ya tajiri ana tabia mbaya. Mwenye gari anaulizia kosa linalogusa mfuko wake. Wale tunaopishana nao barabarani hawakai kwenye usaili.

Na hapa kuna ushauri ambao vijana wanaotoka hupewa na kila mtu: nyamaza tu, Mwanza kubwa. Si kubwa. Mwanza ina barabara chache za kutokea, na wenye magari wana magrupu yao ya WhatsApp wanamorushiana picha za madereva. Fundi wa Igoma anamjua fundi wa Buzuruga. Ukinyamaza, unachagua tu nani atasema badala yako.

Aliyenipa kazi alikuwa mama mmoja wa Kisesa, ana Fuso mbili za dagaa. Nilimkuta Mwaloni, Kirumba, anasimamia upakiaji, kanga kajifunga kiunoni, daftari kwapani, harufu ya dagaa imetanda hadi kwenye meno. Nilikuwa nimesikia dereva wake mmoja ameacha kazi. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwadila mayu, akaitikia bila kunitazama, anahesabu magunia. Nikaona nikisubiri nitaogopa.

"Mama, mimi ni dereva, daraja E. Nilipata matatizo—"

"Matatizo gani? Uliumwa?"

"Nilifungwa. Niliiba mafuta ya bosi. Lita mia mbili. Miaka miwili, Butimba."

Hapo akaacha kuhesabu. Wabebaji wakapita na magunia yao kati yetu, mmoja, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi ila si kwa swali lake.

"Lita mia mbili ulikuwa unauza wapi? Na kwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia.

"Walikupunja," akasema. Halafu akafungua daftari ukurasa mpya. "Nieleze mnavyofanya. Yote."

Tukakaa juu ya magunia ya dagaa kama saa nzima. Nilimweleza risiti za pampu, frii za milimani, mpira, namna ya kumrubuni mtu wa kifaa cha kufuatilia gari. Alikuwa anaandika kwa mwandiko wa shule ya msingi, anauliza, anarudi nyuma. Kuna mahali alikunja uso, akafumba daftari na kidole ndani yake, akataja jina la dereva aliyeacha kazi wiki ile, kwa sauti ya chini, kama anajisemea.

Masharti yake yalikuwa matatu na hakuna hata moja nililolipenda. Miezi mitatu ya kwanza ningekuwa utingo, chini ya dereva niliyemzidi miaka kumi. Mshahara pungufu mpaka aseme yeye. Na mdhamini.

"Yule yule aliyekudhamini kwanza," akasema. "Mwingine simtaki."

Ilinichukua siku mbili kwenda Nyegezi, na si mbali. Mjomba alikuwa nje anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia nimepata kazi na inataka saini yake. Akaendelea kuchambua. Anatoa jiwe, anatupa. Anatoa jiwe, anatupa.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mjomba. Yote."

"Mpigie nisikie."

Nilidhani anatania. Akaweka ungo chini. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, Mama akapokea katikati ya kelele za Mwaloni. Nikamweleza niko na mjomba. Mjomba akanionyesha kwa kidevu: sema. Basi nikasema tena, kwa mtu aliyekwisha kuyasikia, mbele ya mtu aliyekwisha kuyajua. Nilifungwa. Niliiba mafuta ya mwajiri. Kwa yule wa kwanza nilificha na mjomba wangu akaaibishwa kwa ajili yangu. Hiki cha mwisho sikuwa nimekipanga, kilitoka chenyewe. Mjomba aliangalia pembeni, kuelekea ziwani, ambako kutoka pale huoni ziwa, unaona bati za jirani.

"Umesikia, mzee?" Mama akauliza kwenye simu.

"Nimesikia," mjomba akasema. "Leta karatasi, ng'wanawane."

Aliandika polepole, kwa kalamu ya bluu, hakutumia mfano wa barua niliompelekea. Sentensi yake ya pili ilikuwa: "Alifungwa kwa wizi nami najua." Ya tatu ilikuwa namba ya kiwanja chake.

Sasa ni mwaka wa tano niko kwa Mama. Utingo nilimaliza, mshahara ulipanda, gari ninaloliendesha ni lile jipya kidogo. Napeleka dagaa Kahama, napeleka Geita. Zamani kwenda Geita ulikuwa unalala foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, unavuka hata chai ya kwenye chupa haijapoa. Vijana wanaotoka wananitafuta, wanataka niwaambie waandike nini kwenye fomu. Nawauliza kwanza nani atawasainia.

Watu wananiuliza pia kama Mama sasa ananiamini. Sijawahi kumuuliza. Kila nikiingia Kisesa, hata iwe saa tisa usiku, nasikia mlango, anatoka na kanga yake na kijiti chake cha kupimia. Anafungua tangi, anatumbukiza, anachomoa. Mimi namshikia tochi.